Keki ya Chumba cha Pili

"Baba mkwe atalishwa na nani?"

Aliyeniuliza ni fundi wa keki, mama mmoja mnene wa Iringa mjini, siku niliyokwenda kwake kuagiza keki ya harusi ya dada yangu. Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali ya unga na mayai. Nikasema nadhani atalishwa na bibi harusi, kama wazazi wengine wote.

"Si umesema bwana harusi ni Mnyakyusa?"

"Ndiyo."

"Wa mjini, au wa kule kwao kabisa?"

"Yeye anafanya kazi Mbeya mjini. Baba yake yuko Tukuyu, ana kahawa na migomba."

"Basi mwanangu, nenda kaulize kwanza. Sitaki keki yangu ibaki mezani watu wanaitazama na mzee amegeukia ukutani."

Nilikuwa nimerudi nyumbani kwa likizo ndefu ya chuo. Ulikuwa mwaka ule wa mahindi ya njano, ambapo ugali wa nchi nzima ulibadilika rangi na sukari ikawa kitu cha kuulizia kwa sauti ya chini. Dada yangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi hapo Iringa. Mchumba wake walijuana chuo cha ualimu, yeye akaacha chaki na kuingia ofisi moja ya serikali Mbeya. Harusi ingefanyika huko Mbeya, kanisani, kisha kwenye ukumbi wa shule. Upande wa bwana harusi ulibeba ng'ombe, ndizi na mchele, mchele wenyewe kutoka Rujewa. Sisi tuliachiwa mavazi ya bibi harusi na keki.

Baba hakuona haja ya keki. Alikuwa mwalimu mstaafu na aliamini kwamba chai na maandazi vilimtosha kila mtu aliyepata kuoa katika ukoo wetu. Mimi nilikubaliana naye, ila kwa sababu nyingine. Niliuliza mbele ya kikao cha ukoo kwa nini watu wanaokula ugali wa kuhesabu matonge wajenge mnara wa sukari, waukate kwa kisu chenye utepe, kisha kila mgeni apate kipande kinachotosha kuziba jino. Niliuliza pia ni nani aliyetufundisha jambo hilo na yeye alilitoa wapi. Mjomba mmoja akasema, "Huyu mtoto kasomeshwa na serikali, sasa anataka kuitoza serikali majibu." Watu wakacheka, kikao kikaendelea.

Dada hakucheka. Jioni alinifuata uani nilipokuwa nakoroga dengu.

"Wewe unafikiri nataka keki kwa ajili ya picha?"

"Si ndiyo?"

"Mdogo wangu, yule mzee hajawahi kusema neno moja juu yangu. Posa walileta ndugu zake. Mahari walijadili na kuleta ndugu zake. Nasikia alitaka mwanawe aoe huko huko kwao. Mimi sijui kama ananitaka au hanitaki. Nikipiga magoti mbele yake na keki, akafungua kinywa akala, na watu wote wanaona, basi."

"Na kama akila halafu asikupende?"

"Akila, ameshakula. Mengine nitaishi nayo."

Niliona hoja hiyo ina tundu, ila niliendelea kukoroga dengu. Tangu jioni ile nilijua keki ile ilikuwa inaokwa kwa ajili ya mdomo mmoja tu, hao wageni wengine walikuwa wasindikizaji.

Fundi alikuwa na kitabu cha picha alizokata kwenye magazeti ya kigeni na kuzibandika kwa gundi ya unga. Kulikuwa na keki ya umbo la kanisa, keki ya moyo, na nyingine iliyofanana na Biblia iliyofunguliwa. Aliniambia ile ya Biblia ndiyo inayopendwa zaidi na Walutheri, ila ina kasoro, kwa sababu wakati wa kukata daima kuna mchungaji anayeona vibaya. Dada alichagua ghorofa tatu zenye nguzo. Nguzo zilikuwa za mti, zimechongwa na seremala, na fundi alizivalisha karatasi za fedha za ndani ya pakiti za sigara. Zilikuwa za kuazima. Zilikuwa zimesimama kwenye harusi nyingi za mjini hapo, na moja ilikuwa na alama ya jino la panya.

Mama ndiye aliyetafuta sukari. Duka la ushirika lilitoa kidogo kwa kila kaya, kwa hiyo alipita kwa ndugu na kopo la maziwa ya unga, kila nyumba ikamimina kikombe. Ilirudi imechanganyika: nyeupe, ya kahawia, na nyingine ina sisimizi. Nyeupe tulitenga kwa ajili ya kupaka juu. Tuliitwanga kwenye kinu mpaka ikawa laini kama unga wa muhogo, tukaichekecha kwa leso ya dada. Mayai yalitoka kwa mama mdogo wa Kalenga, yakaja ndani ya debe la pumba. Siagi ya kopo alileta baba, hakusema aliipata wapi. Fundi alipopima vyote alitamka hukumu: zinatoka keki tatu, kubwa, ya kati na ndogo. Si zaidi ya hapo.

Kabla ya kuoka lolote nilipanda basi kwenda Mbeya, kuangalia ukumbi na kuuliza swali la fundi. Shangazi wa bwana harusi, dada wa yule mzee, alikuwa anaishi mtaa wa Soweto hapo hapo Mbeya, kwenye nyumba ya udongo iliyopakwa chokaa. Ndiye aliyekuwa kinywa cha ukoo wao. Nilimkuta anamenya ndizi.

"Karibu wewe Mhehe. Umekuja kututazama kama tunafaa?"

"Nimekuja kuuliza habari za keki, shangazi."

"Keki tunakula. Lete."

Nikamweleza kwamba dada angependa kumlisha baba mkwe wake, amepiga magoti, mbele ya watu. Kisu kilisimama kwenye ganda la ndizi. Halafu akacheka mpaka akajifuta macho kwa kiganja cha mkono.

"Alishwe na mkwewe? Mwanangu, unataka kaka yangu aruke dirishani na suti yake mpya?"

Ile desturi nilikuwa nimeisoma chuoni. Mke hamtazami baba wa mumewe, hakutani naye njiani, halitaji jina lake wala neno linalofanana na jina hilo. Nilikuwa nimeiandikia insha, nikaeleza kwa nini ipo na kwa nini itakufa. Kwenye insha ilikuwa desturi ya watu fulani wa mahali fulani. Kwamba ingekuja kukaa baina ya dada yangu na ghorofa zake tatu, hilo halikuwamo kwenye insha.

"Lakini ninyi ni Wakristo," nikasema.

"Ni Wakristo. Tumebatizwa na aibu zetu. Wengine mjini hapa wameacha, wanashikana mikono na wakwe zao kama wanagombea ubunge. Kaka yangu hajaacha."

"Kwa hiyo kwenye harusi hatakuwepo?"

"Atakuwepo! Kanisani atakaa mbele, bibi harusi ataingia kwa nyuma na shela usoni. Shela hilo, nakwambia, aliyelileta alitufikiria. Ukumbini ndipo hawezi. Atakaa chumba cha pili, darasa la jirani, na wazee wenzake. Madirisha yatakuwa wazi. Atasikia kila kitu."

"Na keki?"

Alifikiri. Alimenya ndizi nzima kabla ya kujibu.

"Kitu kinaweza kwenda. Mtu ndiye haendi. Hata wake wa watoto wake wengine wanampikia, na chakula kinabebwa na mtu mwingine. Mkileta keki yake, mimi nitaibeba. Ila isiwe kipande. Mzee hapewi kilichokatwa mbele ya watu akaletewa makombo. Iwe nzima. Na isiwe kidogo kama andazi, pale ndani ana wenzake wanaomtazama."

"Na iandikwe nini?"

"Usiandike kitu! Mtaandika jina lake, halafu dada yako alitamke vipi?"

Nilirudi Iringa na jibu ambalo halikumfurahisha mtu. Fundi alilipokea kama hesabu. Ile ndogo ya juu haifai, alisema, maana tumeambiwa isiwe andazi. Kubwa ni msingi, ikitoka hakuna keki. Inabaki ya kati. Alipanga masufuria yake matatu mezani kuonyesha, akaondoa la katikati, akaweka dogo juu ya kubwa. Lilikaa kama kofia ya mtoto kwenye kichwa cha mtu mzima.

"Na nguzo?" dada akauliza.

"Nguzo zimetengenezwa kwa ajili ya tatu. Hapa zitakuwa kama miguu ya korongo."

Tulikuwa jikoni kwa fundi. Jiko lake lilikuwa sufuria kubwa lenye mchanga chini na makaa juu ya kifuniko, na joto lake lilitufanya sote tuonekane tumekasirika. Mimi nilikuwa nimekasirika kweli. Nilimwambia dada amwache mzee na darasa lake. Aweke ghorofa zake tatu, alishe wazazi wanaokubali kulishwa, na kama mtu anaogopa kutazama uso wa mwalimu wa darasa la tatu, hilo ni tatizo la mtu huyo.

"Umemaliza?" dada akauliza.

"Bado. Wewe mwenyewe ulisema unataka watu waone. Sasa hakuna atakayeona. Keki itaingia chumba kingine. Ukumbini utabaki na kitu ambacho watu watakicheka."

"Wacheke."

"Na hutajua kama amekula."

"Nitaambiwa."

"Utaambiwa na nani? Na shangazi? Yule anaweza kusema lolote."

Fundi akaingilia. "Binti, mwache mwenzio. Wewe ukiolewa utampeleka baba mkwe wako mahakamani akahojiwe." Kisha akamgeukia dada. "Nitoe ya kati?"

"Itoe," dada akasema. "Na ile sukari nyeupe, anza na hiyo. Ikibaki ndiyo tupake hizi nyingine."

Kwa hiyo keki ya chumba cha pili ilikuwa nyeupe kabisa, haina ua wala herufi, na zile za ukumbini zilipata rangi ya chai ya maziwa. Fundi alijaribu kuificha kwa maua ya karatasi. Alisema kwa mbali haionekani. Ilionekana.

Tulisafiri na keki zile kwa basi, kila moja ndani ya katoni yake, mama akipakata kubwa, mimi nikipakata ile nyeupe. Kondakta alitaka katoni ziende juu na mizigo. Mama akamwambia akitaka kupandisha keki juu ampandishe na yeye. Makambako palikuwa na baridi, na abiria mmoja aliyenunua viazi vya kuchemsha aliniuliza nina nini humo. Nilipomwambia, aliuliza tena, "Ya bibi harusi?" Nikasema hapana, ya baba mkwe. Alimenya kiazi. "Tangu lini baba mkwe anaolewa?" Nikageukia dirisha. Kuteremka kuelekea Igawa nilishikilia katoni ile kama mtu anayebeba maji, na nilijiuliza kwa nini ninafanya hivyo kwa kitu nisichokiamini.

Harusi ilikwenda kama harusi zinavyokwenda. Kanisani nilimwona mzee kwa nyuma tu, mabega mapana ndani ya suti nyeusi na shingo iliyonyooka. Hakugeuka dada alipoingia. Watu wote waligeuka, yeye alitazama madhabahu. Mtu asiyejua angesema ni chuki. Mimi nilijua ni heshima, kwa maana nilikuwa nimeambiwa, lakini kwa macho tu vitu hivyo viwili nilishindwa kuvitofautisha.

Ukumbini, keki ya ghorofa mbili iliwekwa mbele bila nguzo. Nilisikia mwanamke mmoja nyuma yangu akimwambia mwenzake, "Wahehe wameishiwa." Mwenzake akajibu, "Labda wameila njiani." Dada na shemeji walikata. Dada alimlisha baba, ambaye alitafuna kwa uso wa mtu anayekagua daftari, akamlisha mama, akamlisha mama mkwe wake, ambaye alikuwa mdogo kwa umbo na alilia waziwazi. Halafu palikuwa na nafasi. Kiti kimoja kilikuwa kimeachwa wazi.

Shangazi alitokea jikoni na sinia. Ile keki ilikuwa imefunikwa kitambaa cheupe cha kufuma, na dada alipiga magoti pale pale alipokuwa, katikati ya ukumbi, akiwa ameelekea ukutani, upande wa lile darasa. Hakuambiwa na mtu kufanya hivyo. Shangazi akampita, akatoka mlangoni. Watu waliokuwa wanacheka waliacha.

Mimi nilitoka nyuma ya shangazi. Nilitaka kuona. Kwenye kibaraza aligeuka, akauziba mlango wa darasa kwa mwili wake.

"Unakwenda wapi?"

"Mimi si mkwe wake. Naweza kuingia."

"Unaweza. Lakini hutaingia."

Akasukuma mlango kwa mgongo, akaingia, akaufunga. Nilisikia sauti za wazee, Kinyakyusa cha chini chini, kiti kikisogezwa, na mtu mmoja akikohoa. Nilibaki nje nikisoma tangazo la ratiba ya mitihani. Alipotoka, kitambaa kilikuwa kimekunjwa juu ya sinia, na sinia lilikuwa halina kitu.

"Amekula?" nikauliza.

"Sinia hili hapa. Tupu. Unataka nini tena?"

"Ulimwona akila?"

"Unauliza sana, mwanangu. Utazeeka mapema."

Akaingia ukumbini akainua sinia juu ya kichwa. Mshereheshaji akapiga kelele kwamba baba mkwe amekula, ameimaliza, na vigelegele vikaanza. Dada alikuwa bado amepiga magoti. Aliinua uso, na akalia kwa namna ambayo sikuwahi kumwona akilia, mdomo wazi, kama mtoto aliyepotea akapatikana. Nilitaka kumwambia kwamba keki ile haiwezi kuliwa na wazee wachache kwa muda ule mfupi. Sikumwambia. Haikuwa huruma. Kelele zilikuwa kubwa, asingenisikia.

Dada aliishi na jambo lile vizuri. Waliishi Mbeya miaka yote, na kila walipokwenda Tukuyu alimpikia mzee, mtu akabeba chakula, na yeye akakaa nyuma ya nyumba mpaka mzee apite. Hawakuwahi kutazamana. Alipopata watoto, mzee aliwachukua migombani na kuwafundisha majina ya ndizi. Mara nyingi nilimsikia dada akiwasimulia mabinti wanaojiandaa kuolewa jinsi baba mkwe wake alivyoimaliza keki nzima. Kila alipofika hapo nilitoka nje. Mzee alikufa, na dada naye akamfuata mapema kuliko ilivyostahili.

Sikwenda Tukuyu tena mpaka nywele zangu zilipokuwa nyeupe. Nilikwenda kwa mambo ya shamba la watoto wa dada, na nikakaa jikoni na mke wa mtoto mkubwa wa yule mzee, bibi kizee sasa, tukichambua maharage. Ndiye aliyeitaja keki, mimi sikuuliza. Alidhani najua siku zote.

Alisema mzee hakuionja, wala hakumpa hata mmoja wa wazee wenzake. Aliitia nzima ndani ya kikapu, akarudi nayo nyumbani, akaikata mwenyewe kwa kisu cha migomba. Alipita kwenye nyumba za wanawe, akaweka kipande juu ya kigoda nje ya kila mlango, akakohoa, akaondoka kabla mkwe hajatoka kukichukua. Nyumba zilikuwa tatu, na vipande alikata vinne. Cha nne alikiweka kwenye kichanja chake, kikimsubiri dada yangu aje kutambulishwa ukweni. Alipofika, baada ya msimu wa kuchuma kahawa, kilikuwa kimeshaliwa na panya.